Mashindano ya useremala wa ridhaa: tuanze na mbuzi ya nazi

Kila mtaa una mtu wa aina hii. Jumatatu hadi Ijumaa ni mwalimu, mhasibu, nesi au dereva. Jumamosi asubuhi, chai ikishanywewa, anaburuta meza hadi uani, anatoa msumeno na patasi alizozifunga kwenye kanga kuukuu, na randa inaanza kusikika mpaka adhuhuri. Hauzi anachokitengeneza. Mama yake atapata kigoda, mtoto atapata kitanda, na jirani mwenye kuku atakuja na gunia kuzoa maranda. Jumatatu anarudi ofisini akiwa na plasta kidoleni.

Watu hawa wako wengi, na hawana uwanja wao. Wakimbiaji wa ridhaa wana mbio zao Moshi kila mwaka, mabaharia wa ngalawa wana resi zao, wacheza bao wana vibaraza vyao. Seremala wa ridhaa ana ua wake tu, na wanaoiona kazi yake ni wale walioalikwa nyumbani kwake. Naamini anastahili mashindano, na naamini yanaweza kuandaliwa katika mji wowote wa pwani yetu, Tanga, Mombasa, Unguja au Mtwara, bila kusubiri wizara wala mfadhili mkubwa. Kinachohitajika zaidi ni kanuni zilizofikiriwa vizuri. Mashindano mengi ya ufundi huharibikia kwenye kanuni kabla ubao wa kwanza haujakatwa.

Kushindanisha mafundi si jambo geni. Hispania iliwashindanisha vijana wake mwaka 1947, na mwaka 1950 ikashindana na Ureno. Kutokana na hayo yakakua mashindano ya kimataifa ambayo leo yanaitwa WorldSkills, na useremala ni miongoni mwa fani zake. Kila mshindani hupewa mchoro uleule, mbao zilezile na muda uleule. Waamuzi hukagua viungo kabla havijatiwa gundi, kisha hukagua tena kazi ikishaungwa. Huo ni utaratibu wa haki, na tunaweza kuuchukua ulivyo. Tatizo ni kwamba mashindano yale ni ya vijana wanaosomea ufundi, na katika fani nyingi umri wa juu ni miaka 22. Mhasibu wa miaka 47 hana pa kuingilia.

Japani wana jambo jingine linalonivutia zaidi. Tangu mwaka 1997 iko jumuiya iitwayo Kezurou-kai, na katika mikutano yake watu hushindana kupiga randa tu. Hakuna meza inayotengenezwa, wala kiti. Mshindani anavuta randa kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho wake, unatoka ukanda mmoja mrefu wa maranda, mwepesi kama utando, na waamuzi wanapima unene wake kwa mikroni. Mahodari hushuka chini ya mikroni 10, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Wanaokuja ni mafundi wa kujenga mahekalu na watu wa kawaida waliojifunza kunoa nyumbani, na ubao hauulizi nani ana cheti. Watazamaji nao hawahitaji kuelezwa lolote, kwani kila mmoja anaona kwa macho yake nani amefanya nini.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mashindano ya ridhaa yanataka kitu kimoja, kidogo, kinachoeleweka na kila anayepita njia. Waandaaji wengi hukimbilia tangazo la "lete kazi yako bora". Sikubaliani nalo kabisa. Mmoja ataleta kabati la mninga lenye vioo, mwingine ataleta sanduku dogo la msonobari lenye viungo visivyopitisha hata pumzi, na mwamuzi atalazimika kulinganisha vitu visivyolinganishika. Mara nyingi kabati litashinda, kwa sababu ni kubwa na linang'aa. Mwenye fedha za mbao ghali na vanishi nzuri atamshinda mwenye mkono mzuri, na mwenye mkono mzuri hatarudi mwaka unaofuata.

Pendekezo langu ni kwamba wote watengeneze mbuzi ya nazi, ile ya kukunja.

Sababu yangu ya kwanza ni kwamba kila mtu wa pwani ameikalia au ameona ikikaliwa. Hakuna mtazamaji atakayeuliza inafanya kazi gani. Ya pili ni ya kifundi, nayo ndiyo inayonifanya niitetee kwa nguvu: mbuzi ya kukunja ni kitu kidogo chenye ugumu mwingi ndani yake. Ina mbao mbili tu. Ubao mmoja una tundu refu katikati, wa pili umepunguzwa kiasi ili upite ndani ya tundu hilo, na pini inayopita ubavuni inazishika zote mbili. Ukiifungua, zinapishana na kusimama. Ukiikunja, zinalala pamoja na unaweza kuitundika ukutani.

Tazama lile tundu kwa karibu. Likiwa jembamba kupita kiasi, mbuzi inakaza na mtumiaji atalazimika kuikanyaga ili ifunguke. Likiwa pana, inacheza huku na huku. Patasi ikipigwa kwa nguvu karibu na mwisho wa tundu, ubao unapasuka kufuata nyuzi zake, na hapo hakuna gundi itakayoficha. Halafu njoo kwenye pini. Tundu lake linachimbwa kwa keekee ya mkono kutoka ubavuni, na mkono ukipinda kidogo tu, mbuzi itafunguka ikiwa imepinda: mguu mmoja utagusa sakafu na wa pili utaning'inia. Anayejua kazi ataanza kutoboa upande mmoja hadi katikati, ageuze, atoboe upande wa pili, na matundu mawili yakutane katikati. Kwa saa chache utakuwa umeona kama mtu anajua kupima, kupasua kwa msumeno, kutumia patasi, kupiga randa na kutoboa. Sijui kitu kingine cha nyumbani kinachokufunulia mtu haraka hivyo.

Kwa wa bara, kule nazi inakofika kwa lori, kigoda cha miguu mitatu kitafaa kwa hoja hiyohiyo.

Swali gumu la pili ni nani anayeitwa wa ridhaa. Msilichukulie kirahisi, kwa maana ndilo litakalozusha ugomvi siku ya zawadi. Fundi wa Keko au wa Buguruni, Dar es Salaam, anayetengeneza vitanda siku sita kwa wiki akiingia uwanjani na mwalimu wa hisabati, hayo si mashindano tena. Kanuni rahisi ni kwamba mshindani asiwe amejipatia riziki kwa useremala, kwa kuajiriwa wala kwa kujiajiri, katika miaka mitatu iliyopita. Kuuza kigoda kimoja kwa jirani hakumwondoi mtu. Na mwalimu wa ufundi katika shule ya sekondari? Ningemzuia kushindana na kumwomba awe mwamuzi, maana mshahara wake unatokana na kazi hiyo. Mstaafu aliyekuwa seremala zamani sana na sasa anafanya kwa mapenzi tu, ningemruhusu bila kusita.

Upo udanganyifu mwingine, wa kumpa kazi fundi wa mtaani kisha kuileta kwa jina lako. Dawa yake ni kwamba kila kitu kifanyike uwanjani, mbele ya macho ya watu, kwa siku moja. Hii inamaanisha muda wa saa sita au saba pamoja na mapumziko ya chakula na sala, na inatosha kabisa kwa mbuzi iwapo mbao zimeshapigwa randa upande mmoja na kukatwa kwa urefu unaolingana. Mshindani aje na mikono yake na vifaa vyake.

Vifaa hivyo viwe vya mkono tu: msumeno, randa, patasi, nyundo, keekee, tupa, skwea na futi. Mashine zibaki nyumbani. Wapo watakaoona huku ni kurudi nyuma. Mimi naona ni haki. Mwenye msumeno wa meza na mwenye msumeno wa mkono hawashindani kitu kimoja, na umeme ukikatika saa nne asubuhi nusu ya washindani watakaa kitako. Isitoshe, uwanja usio na mashine ni salama kwa watazamaji na watoto wao. Wanawake nao wanapata nafasi yao, kwani wengi wanaopenda kazi hii wameniambia kwamba kinachowatisha kwenye karakana ni kelele za mashine na maneno ya wanaume, na msumeno wa mkono haumo katika hofu hiyo. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wafupi wote, meza za kazi ziwe na vipande vya mbao vya kusimamia. Meza nyingi za karakana zimejengwa kwa kimo cha mwanaume mrefu, na huwezi kusukuma randa sawasawa meza ikikufikia kifuani.

Sasa mbao. Hapa waandaaji wengi hushindwa kwa kudhani ni jambo la kununua jana yake.

Nunueni wenyewe, aina moja, kutoka gogo moja au mzigo mmoja, na mgawe kwa kura. Msonobari wa Sao Hill kule Mufindi, ambao wauza mbao wengi wanauita paini, unapatikana karibu kila mji wa Tanzania na bei yake inabebeka. Ni laini kwa patasi, ingawa una mafundo, kwa hiyo mtalazimika kuchagua ubao mmojammoja na kuziacha zenye fundo mahali patakapokatwa tundu. Msinunue kabisa zile zilizotiwa dawa na kugeuka rangi ya kijani. Dawa inayotumika sana kuzitia rangi hiyo ina shaba, kromu na aseniki, na mbao yenye aseniki haina ruhusa ya kukaa karibu na nazi ya kula, wala vumbi lake kuingia puani mwa mtu. Mfenesi ni mzuri ukiupata uliokufa uani kwa mtu. Mwarobaini umetumiwa sana na wachongaji wa Kikamba wa pwani ya Kenya badala ya mpingo na muhugu uliopungua, lakini kwa mbuzi siupendekezi kwa sababu ya uchungu wake.

Mninga na mpingo naomba viachwe. Mpingo uliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2017, na mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, jamii ya mininga ya Afrika nayo ikawekwa humo. Hilo halimzuii Mtanzania kutumia mninga nyumbani, mradi umevunwa na kusafirishwa kwa kibali. Linatuambia tu kwamba hii si miti ya kujifunzia, ambayo nusu yake itaishia kwenye maranda.

Kisha mbao zikaushwe. Mbao mbichi husinyaa kwa upana wake na karibu haisinyai kabisa kwa urefu, na hata kwa upana husinyaa mara mbili zaidi kufuata mzunguko wa pete za mti kuliko kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa pembeni mwa gogo hujikunja kama kigae. Tundu lililokatwa vizuri kwenye ubao mbichi siku ya Jumamosi litakuwa limebadilika umbo kabla ya Jumamosi inayofuata, na mshindi atakuwa na mbuzi isiyofunguka. Zipangwe kwa kuachanishwa na vijiti, kivulini, upepo ukipita, katika mji uleule ambao mashindano yatafanyika. Mbao iliyotulia Dodoma ikishuka Tanga inavuta unyevu na kuvimba. Iwekeni pale mapema, itulie pale.

Siku yenyewe iwe kipindi cha kipupwe, kati ya Juni na Agosti, masika yakiwa yameshapita. Karakana za vyuo vya ufundi vya VETA na za shule za sekondari za ufundi huwa kimya siku za Jumamosi, na zina meza nzito zenye jiriwa ambazo hakuna mwandaaji atakayeweza kuzinunua. Andika barua kwa mkuu wa chuo mapema. Washindani wasizidi 20 mwaka wa kwanza, maana kila mmoja anahitaji meza, kivuli na nafasi ya kuzungusha mkono. Sanduku la huduma ya kwanza liwepo, na mtu anayejua kulitumia akae nalo muda wote. Barakoa zigawiwe wakati wa kupiga msasa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na sisi bado tunalipuliza kwa mdomo.

Waamuzi wawe watatu: seremala mkongwe, mwalimu wa ufundi, na mpishi. Mpishi ninamtaka kwa dhati, mwanamke au mwanaume ambaye amekuna nazi maisha yake yote, na nitaeleza sababu. Kazi zipewe namba badala ya majina, na waamuzi wasikanyage uwanjani mpaka kengele ya mwisho ilie.

Kwanza wanakagua viungo. Seremala mkongwe ana karatasi ya daftari mkononi, yenye unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Anaipitisha kati ya ubao na ukuta wa tundu. Ikipita kwa kukwaruza pande zote, huyo amefanya kazi. Ikipita upande mmoja ikielea na upande wa pili ikikwama, tundu limepinda. Ikishindwa kupita popote, atasubiri aone kama mbuzi itafunguka. Kisha mwalimu anapima kwa skwea na rula ya chuma akilinganisha na mchoro, anaikunja na kuikunjua mara kadhaa, na anaisimamisha juu ya kioo kinene ili kuona kama miguu yote inagusa.

Halafu mpishi anakaa. Chuma chenye meno kimetolewa na waandaaji, kimefuliwa na mhunzi mmoja, kinalingana kwa wote. Anavunja nazi, anashika nusu yake, anakuna. Mbuzi inayotikisika humlazimisha mtu kubana magoti, mkono unayumba, meno yanafika kwenye kifuu na nazi inatoka na vidoa vya kahawia. Mbuzi iliyosimama imara inatoa nazi nyeupe hadi mwisho. Mpishi anajua tofauti hiyo kwenye mapaja na mgongo wake kabla hata hajatazama sinia. Nazi zote zilizokunwa ziende jikoni, zikamuliwe, na washindani wale wali wa tui la nazi zilizokunwa kwa mbuzi zao wakati alama zinajumlishwa.

Katika alama 100 ningetoa 40 kwa viungo, 30 kwa jaribio la nazi, 20 kwa vipimo, na 10 tu kwa usafi wa msasa. Vanishi na rangi zipigwe marufuku. Alama za kila mmoja zibandikwe ukutani pamoja na maelezo mafupi ya mahali alipopoteza, kwa kuwa mtu wa ridhaa alikuja kujifunza, na akiondoka na "umekuwa wa 14" bila sababu, amepoteza siku yake.

Zawadi isiwe fedha. Fedha nyingi zitawaleta mafundi wa kulipwa waliojificha na zitaleta kesi. Toeni patasi nzuri zenye chuma kinachoshika makali, randa ya chuma, kinoo cha pande mbili. Wauza vifaa vya ujenzi wa mjini watachangia kwa moyo wakiombwa vitu vya dukani kwao, mradi isikubaliwe sharti la mfadhili kuteua mwamuzi. Na kila aliyeshiriki aondoke na mbuzi yake.

Tuna sababu ya kufanya hivi sasa. Kizazi kilichoguswa na Elimu ya Kujitegemea baada ya 1967, na kile cha Kenya kilichofundishwa useremala katika shule za msingi za mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, kingali hai, na wengi wao bado wana randa mahali fulani chini ya kitanda. Huku Tanzania mkondo wa amali umerudi katika sekondari. Kati ya mzee mwenye randa na kijana anayeanza amali hakuna mahali pa kukutania, na uwanja wa mashindano ni mahali pazuri pa kuanzia.

Wewe unayesoma hapa na una ua wenye maranda, tafuta wenzako watano wenye ugonjwa huohuo. Msianze na fulana wala mabango. Anzeni na mbao: nendeni pamoja kwa muuza mbao, mchague mmojammoja, mzipange kivulini juu ya vijiti na mwandike tarehe kwenye ubao wa juu. Zinahitaji miezi kadhaa kukauka, na kipupwe hakisubiri.